Namna ya kupima PSA na kuyasoma majibu yake, kuanzia damu mpaka kinyama

Niseme mapema kabisa, PSA siyo kipimo cha kansa. Ni kipimo cha protini moja inayotengenezwa na tezi dume, na tezi nzima inaitengeneza, iliyokua kwa umri inaitengeneza, yenye maambukizi inaivujisha, yenye kansa nayo vilevile. Kazi yake huko chini ni kuyafanya manii yawe mepesi baada ya kutoka, na kidogo tu ndo huponyoka kuingia kwenye damu, hicho kidogo ndo sisi watu wa maabara tunachokitafuta. Kwa hiyo karatasi ikiandikwa 6 au 9 haijasema una kansa, imesema tezi yako ina jambo, na kazi inayofuata ni kujua jambo gani. Mimi niko maabara hapa Tanga na presha nyingi ninazoziona pale dirishani zinatokana na mtu kupewa namba kavu kavu bila maelezo, anaitia mfukoni anakwenda kuisomea kwenye kijiwe cha kahawa Ngamiani, na pale kijiweni kila mtu daktari. Bas nimeona niandike utaratibu mzima, kabla ya damu, siku ya damu, namba zinasomwaje, na ikifika kwenye kukatwa kinyama, yaani kutolewa kipande kidogo cha tezi kikapimwe, wanatafuta nini humo.

Nani apime. Kansa ya tezi dume inatukuta sisi weusi zaidi na mapema zaidi, Uingereza wanakadiria mwanaume mmoja kati ya wanane ataipata maishani mwake lakini kwa weusi ni mmoja kati ya wanne. Chama cha Saratani cha Marekani kinashauri mwanaume wa kawaida aanze kuongea na daktari kuhusu PSA akifika miaka 50, mweusi 45, na yule mwenye ndugu wa karibu wa damu zaidi ya mmoja, kama baba na kaka, walioipata mapema aanze 40. Kwa hesabu hiyo wengi wetu huku tunaanzia 45. Na ukienda taja ndugu wote, siyo baba na kaka tu, hata mama au dada aliyeugua kansa ya titi au ya mfuko wa mayai mtaje, maana kuna kasoro moja ya kurithi inayopita kwa wanawake na wanaume wa ukoo mmoja na inaongeza hatari kwa pande zote.

Sasa upande wa pili wa umri, mzee wa miaka 80 na kitu, hana dalili yoyote, ana kisukari na moyo, anapelekwa kupimwa PSA kwa sababu tu watoto wametuma hela. Mi huwa nauliza, namba ikipanda mtamfanyia nini? Kansa nyingi za tezi dume zinakwenda polepole sana, na jopo la Marekani linalotoa miongozo ya uchunguzi lilisema 2018 kwamba kuanzia 70 wasiokuwa na dalili wasipimwe kwa kawaida, na wa 55 mpaka 69 waamue wenyewe baada ya kuelezwa faida na madhara. Madhara yapo, kukatwa kinyama bure, kutibiwa kansa ambayo isingekuja kukusumbua, halafu ukabaki na mkojo unaovuja au nguvu za kiume zimekwisha.

Hayo ni ya mtu asiye na dalili. Mwenye dalili habari yake nyingine, yeye aende hospitali hata akiwa na miaka 38. Mkojo unakatika katika, unaamka usiku mara nyingi, unasimama chooni mpaka miguu inachoka ndo utoke, unamaliza na bado unahisi haujaisha, hizo mara nyingi ni tezi iliyokua tu kwa umri, siyo kansa. Kansa ikiwa changa kwa kawaida haina dalili kabisa, ndo ubaya wake. Damu kwenye mkojo nayo usiirukie moja kwa moja, pwani yetu hii ina kichocho, kuna watu walioogelea mabwawa na mito ya Muheza toka utotoni, kwa hiyo mkojo upimwe kwanza. Na busha ni kitu kingine kabisa, lipo kwenye mfuko wa korodani, usije ukapima PSA kwa ajili ya busha. Ila ukiona mgongo unauma hasa usiku na miguu inaanza kukosa nguvu, au mkojo umeziba kabisa, usisubiri kupanga tarehe ya kipimo, nenda siku hiyohiyo.

Tukija kwenye maandalizi, hapa ndipo majibu mengi yanapoharibikia, na Tanga tuna letu, baiskeli. Mtu anatoka Mabawa au Pongwe huko anakanyaga mpaka mjini kuja kutoa damu, na kiti cha baiskeli kinakandamiza palepale tezi ilipo. Siyo kila mwendesha baiskeli inampanda, lakini kwa sababu inaweza kumpandisha, siku mbili kabla ya kipimo iache nyumbani, panda daladala au bajaji. Mazoezi makali nayo yaache siku hizo mbili. Tendo la ndoa hivyohivyo, saa 48 kabla usitoe manii kwa njia yoyote ile, na hili wazee wanaona haya kuulizwa na sisi tunaona haya kuuliza, matokeo yake damu inachukuliwa asubuhi ya Ijumaa na usiku wa Alhamisi ilikuwa mambo, namba inatoka juu kidogo, mtu anaanza kuandika wosia.

UTI ni kubwa zaidi ya hayo yote. Maambukizi ya mkojo au ya tezi yenyewe yanaweza kuipeleka PSA mpaka makumi, nimeshaona namba ya kutisha ikashuka yenyewe baada ya dawa. Kama mkojo unachoma, una homa, chini ya kitovu panauma, pima mkojo kwanza, tibiwa, kisha ngoja wiki 6 ndo upime PSA. Ukikatwa kinyama vilevile wiki 6. Ukiwa umewekewa mpira wa mkojo au mkojo uliziba ghafla, mwambie daktari, muda wa kungoja atakupa yeye ila siku hizo namba haiaminiki. Kile kipimo cha kidole, daktari anapoigusa tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, hakipandishi sana lakini utaratibu mzuri ni damu kwanza, kidole baadaye, iwe siku moja au siku nyingine.

Dawa sasa. Kuna vidonge vya kupunguza tezi, finasteraidi na dutasteraidi, ukivitumia miezi sita mpaka mwaka vinaishusha PSA kwa karibu nusu. Maana yake mtu anayevitumia akipata 3 asishangilie, kwake hiyo ihesabu kama 6. Finasteraidi hiyohiyo kwa dozi ndogo vijana wanaitumia kuzuia upara, nayo inashusha, kwa hiyo hata kama hukuinunua kwa ajili ya tezi itaje. Tamsulosini, ile ya kulegeza njia ya mkojo, haigusi PSA. Dawa za mizizi unazonunua barabarani pia zitaje bila kuona aibu, hakuna atakayekufokea, na akikufoka tafuta daktari mwingine. Na kitu ambacho watu wengi hawakijui, zile vitamini za nywele na kucha zenye bayotini nyingi zinaweza kuichezea mashine yenyewe, kwenye baadhi ya mashine PSA inatoka chini kuliko ilivyo. Ziache siku kadhaa kabla, au angalau tuambie.

Kufunga kula hakuhitajiki. Kunywa chai yako na mkate uje. Damu inachukuliwa mkononi kama damu nyingine, inaingia kwenye chupa yenye kifuniko chekundu au cha njano, tunaiacha igande, tunaizungusha kwenye sentrifuji, ule umajimaji wa njano unaobaki juu ndo unaopimwa. Chupa isikae mezani tangu asubuhi mpaka jioni bila kuzungushwa, hasa kama mtapima na ile PSA huru nitakayoieleza mbele, hiyo inaharibika upesi, itenganishwe ndani ya saa mbili tatu na iwekwe kwenye baridi. Ikiwa sampuli inasafirishwa Dar, iende kwenye kibebeo chenye barafu, siyo kwenye mfuko wa rambo chini ya siti ya basi. Una haki ya kuuliza, "inasafirije hii?"

Halafu ulizia inapimwa na nini. Maabara ndogo nyingi zinatumia kile kipande cha plastiki cha haraka, unadondoshea matone ya damu iliyochujwa, unasubiri kama dakika kumi, inatokea mistari. Kwa vile vyenye mistari mitatu, mmoja unasema kipimo kimefanya kazi, wa pili ni wa kulinganishia ambao umewekwa kwenye 4, wa tatu ni wako, kama wako umefifia kuliko ule wa 4 uko chini, kama umekolea zaidi uko juu. Shida ni kwamba macho ya mtu ndo mashine, na mtu wa 4.2 na mtu wa 40 wote wanaweza kuandikiwa neno moja tu, POSITIVU. Sasa mtu wa 4.2 anakufa kwa presha na wa 40 anakwenda kunywa mizizi kwa mwaka mzima, wote wana karatasi inayofanana. Kile kipande ni cha kukuambia uende kwenye mashine, bas, kisitumike kuamua chochote na kisitumike kabisa kufuatilia mgonjwa anayetibiwa. Kama hela ipo ya kupima mara moja tu, itunze upime kwenye mashine inayotoa namba kamili.

Na ukishapima kwenye mashine fulani endelea na maabara hiyohiyo. Mashine zimepangwa kwa vipimo rejea viwili tofauti, tofauti kati yao inaweza kufika asilimia 20 na kitu, damu ileile moja. Ukitoa 4.1 hapa na 5.0 kwingine wiki inayofuata inawezekana tezi haijafanya chochote, umebadilisha mashine tu.

Haya, namba imetoka. Imeandikwa ng/mL, ukiona µg/L usibabaike ni kitu kilekile. Mpaka uliozoeleka ni 4, na huo mpaka ni wa makubaliano tu, siyo ukuta. Wengine wanatumia mipaka ya umri, miaka ya arobaini mpaka 2.5, ya hamsini 3.5, ya sitini 4.5, ya sabini 6.5, kwa sababu tezi inakua na umri na PSA inakua nayo. Kijana wa 45 mwenye 3.8 akiambiwa "uko chini ya 4 uko salama" ameambiwa vibaya. Kati ya 4 na 10, kama robo ya watu wanaokatwa kinyama wanakutwa na kansa, maana yake robo tatu hawana. Ikivuka 10 uwezekano unapita nusu. Ikifika 100 na zaidi na hakuna maambukizi, mara nyingi kansa imeshatoka nje ya tezi na mifupa inaangaliwa.

Upande wa chini pia usilale. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2004 ulikata vinyama wazee ambao PSA zao hazikuvuka 4 wakakuta kansa kwa asilimia 15 hivi yao. Nyingine kati ya hizo zilikuwa kali. Namba ndogo inapunguza hatari, haifuti.

Ikitoka juu cha kwanza ni kurudia. Siyo kesho, ngoja wiki chache, fuata masharti yote ya huko juu. Kuna mzee mmoja alikuja amekunja uso, baiskeli ameiegemeza ukutani, hata hakusubiri nimalize shikamoo. "Marahaba mwanangu, nimeambiwa nina kansa." Nikamwomba karatasi, 7.1, kapimwa sehemu nyingine. Nikamuuliza mzee mkojo ulikuwaje siku zile? "Ulikuwa unachoma, lakini mimi nilijua ni jua hili la Tanga." Tukapima mkojo, usaha umejaa. Akatibiwa, akangoja, baiskeli akaiacha, akarudi na bajaji tukapima tena ikasoma 2.9. Sasa namba kama ile ya 7.1 ndo mtu angeweza kukimbizwa nayo mpaka kitandani. Wengine ukirudia inabaki palepale au inapanda, hao ndo tunaendelea nao.

Hatua ya pili ni PSA huru. PSA kwenye damu nyingi imeshikana na protini nyingine na kidogo inaelea peke yake, mwenye kansa ile inayoelea huwa ndogo kwa uwiano. Inasaidia zaidi kwa wale wa 4 mpaka 10. Chukua huru gawanya kwa jumla zidisha 100. Mfano jumla 6.2, huru 0.93, unapata asilimia 15. Chini ya 10 hatari ni kubwa, zaidi ya nusu wanakutwa nayo, juu ya 25 hatari inashuka mpaka chini ya asilimia 10. Huyu wetu wa 15 yuko katikati, kipimo hakijamsaidia kiivyo, ndo hali halisi.

Hatua ya tatu haina gharama nyingine kama umeshapiga ultrasaundi, na sijui kwa nini watu hawaitumii. Tezi ya kijana ni kama kungu hivi, mililita 20 mpaka 25. Kwenye ripoti ya ultrasaundi utakuta vipimo vitatu vya sentimita, zidisha vyote vitatu halafu zidisha 0.52. Mfano 5.2 mara 4.4 mara 5.0 mara 0.52, unapata karibu 59.5, sema 60. Sasa gawanya PSA kwa hiyo, 6.2 kwa 60 ni 0.10. Mpaka unaotumika sana ni 0.15. Chini yake maana yake PSA inaelezeka na ukubwa wa tezi, tezi kubwa inatoa protini nyingi. Mwenzake ana PSA ileile 6.2 lakini tezi yake 28, kwake ni 0.22, tezi ndogo inayotoa protini nyingi hivyo haieleweki, huyo asipoteze muda. Namba moja, watu wawili, safari mbili tofauti. Andika hesabu yako kwenye karatasi uende nayo kwa daktari, hakuna dhambi, akiona umeshapiga hesabu mazungumzo yanakwenda haraka.

Mwendo wa namba nao unaangaliwa, ikipanda zaidi ya 0.75 kwa mwaka inatia shaka, ila uwe na vipimo visivyopungua vitatu ndani ya mwaka mmoja na nusu au zaidi, mashine ileile, siyo viwili vya wiki mbili.

Viko vipimo vipya zaidi vya damu. PHI unachanganya PSA jumla, PSA huru na kipande kingine cha PSA ambacho hakijakomaa, Marekani waliupitisha 2012. Wa 4K unapima protini nne za ukoo mmoja, PSA aina tatu na nduguye anaitwa hK2, halafu unatoa asilimia ya hatari ya kansa kali. Hivi na MRI ya tezi, ile picha ya mashine ya sumaku, vinasaidia kuamua nani akatwe kinyama na nani aachwe. Kwa Tanga usivikalie kusubiri, PSA huru na hesabu ya ultrasaundi zikifanywa vizuri zinakufikisha mbali. Ukipata nafasi ya MRI kabla ya kinyama, ichukue.

Kidole. Najua. Wanaume wa kwetu wako tayari kutolewa damu lita nzima kuliko kidole, na vijiwe vimeshakifanya kichekesho. Kinachukua muda mfupi kuliko kuvaa viatu, daktari anagusa upande wa nyuma wa tezi ambako ndiko kansa nyingi zinaanzia, anatafuta ugumu au kinundu. Kuna kansa zisizopandisha PSA lakini kidole kinazikuta. Damu haijachukua nafasi yake yote, hata FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilipoikubali PSA kutafutia kansa mwaka 1994 iliikubali pamoja na kidole.

Sasa kinyama. Daktari wa njia ya mkojo anaongozwa na ultrasaundi, anapitisha sindano ama kwa njia ya haja kubwa ama kwenye ngozi kati ya korodani na njia hiyo, anachukua vipande vyembamba kama 10 au 12 kutoka pande tofauti. Kabla ya hapo sema kama unatumia dawa za kuyeyusha damu, asprini ikiwemo. Ikipitia haja kubwa utapewa antibayotiki, zimeze kama ulivyoambiwa. Baadaye damu kidogo kwenye mkojo siku chache na kwenye manii wiki kadhaa ni kawaida, usimtishe mwenzio mweleze mapema. Homa na kutetemeka siyo kawaida, hiyo ni hospitali saa hiyohiyo hata iwe usiku wa manane.

Vipande viingie kwenye formalini ya asilimia 10 palepale, dawa iwe nyingi kuzidi nyama, kama mara kumi. Siyo maji, siyo spiriti, siyo drip. Hili nalisema kwa sababu kuna nyakati ndugu ndo anayekabidhiwa kichupa apeleke Dar au Moshi, basi kagua: kimefunikwa sawasawa, kina jina, kina tarehe, kimeandikwa upande gani wa tezi, na fomu ina namba ya PSA. Fomu isiyo na PSA inamfanya mtaalamu wa patholojia afanye kazi nusu gizani. Kikizidi siku kadhaa njiani, protini zinazotafutwa kwenye nyama, nitakazozieleza sasa hivi, zinaanza kugoma kuonekana.

Huko maabara nyama inawekwa kwenye nta, inakatwa nyembamba sana, inapakwa rangi na kuangaliwa kwa darubini. Mara nyingi hapo jibu limeshapatikana. Vikibaki vijitezi vichache vyenye mashaka ndo zinatafutwa zile protini za kwenye nyama, na mantiki yake nzuri, mi huwa naipenda kuieleza. Kijitezi kizima kina safu mbili za seli, za ndani zinazotoa majimaji na za nje zinazozunguka. Kansa ikija, ile safu ya nje inapotea. Kwa hiyo wanaweka kingamwili inayokamata protini za safu ya nje, p63 na keratini nzito, penye protini pakageuka kahawia. Ukiona kila kijitezi kimezungukwa na duara la kahawia, hata kama limekatika katika, shukuru. Ukiona duara halipo kabisa, shaka inakua. Halafu wanaweka kingamwili ya protini nyingine, AMACR, hii kinyume chake, inakolea kwenye seli za kansa zenyewe. Duara hakuna na AMACR imekolea, umbo nalo baya, hiyo ni kansa. AMACR peke yake haitoshi, inaweza kukolea hata kwenye mabadiliko ambayo hayajawa kansa, ndo maana zinawekwa pamoja. Na mtu akikutwa na uvimbe kwenye mfupa au tezi za limfu na haijulikani umetoka wapi, nyama ya huko inapakwa PSA na NKX3.1, zikishika inajulikana chanzo ni tezi dume.

Ripoti ikirudi tafuta neno Gleason, jina la daktari wa Marekani aliyeanzisha upangaji huo miaka ya sitini. Utaona namba mbili zimejumlishwa, ya kwanza ni aina iliyotawala. 3+3 ni 6, daraja la 1, hiyo mara nyingi unaweza kufuatiliwa tu kwa PSA na vinyama bila kutolewa tezi wala kuchomwa mionzi, na daktari akikwambia tusubiri tukuangalie hajakutupa. 3+4 daraja la 2, 4+3 daraja la 3, zote jumla 7 lakini ya pili ni kali zaidi kwa hiyo usiridhike na kuambiwa "saba". 8 daraja la 4, 9 na 10 daraja la 5. Angalia pia vipande vingapi kati ya vingapi vina kansa. Ikiandikwa kuna seli zenye mashaka ambazo hazikufika kuitwa kansa, hujapona wala hujaumwa, uliza ni lini utarudiwa na kama wamepaka zile kingamwili. Kama hawana, ile bloku ya nta inatunzwa na inaweza kuombwa ikapelekwa maabara nyingine, hospitali ya Muhimbili Dar au KCMC Moshi uliza, huna haja ya kukatwa upya.

Ukishatibiwa PSA inakuwa rafiki wa kweli kuliko ilivyokuwa mwanzo. Ukitolewa tezi yote inatakiwa ishuke isionekane, chini ya 0.1 ndani ya wiki sita nane hivi, ikipanda kufika 0.2 na kurudiwa ikabaki hivyo kuna seli zimebaki mahali. Wa mionzi haifiki sifuri kwa sababu tezi ipo, wao wanachukua namba ya chini kabisa waliyowahi kufika, ikipanda 2 juu ya hiyo ndo inahesabika imerudi. Wa sindano za kuzuia homoni au waliotolewa korodani inashuka sana kwa sababu kansa hii inalishwa na homoni ya kiume, jambo alilolionyesha Charles Huggins mwaka 1941 akifuatilia protini ya zamani kabla ya PSA, asidi fosfatezi, na Nobeli akaja kupewa 1966. Kwa vipimo hivi vya sifuri nukta kile kipande cha haraka hakina kazi kabisa.

Nunua daftari dogo, kila kipimo kiwe na mstari wake: tarehe, maabara, aina ya mashine, PSA jumla, PSA huru, ukubwa wa tezi, dawa ulizokuwa unameza siku hiyo, na kama mkojo ulikuwa na shida. Karatasi za maabara zinafifia wino, piga picha kwenye simu pia na umtumie mtoto mmoja unayemwamini. Ukienda hospitali ya Bombo hapa Tanga, ukienda Ocean Road ya kansa kule Dar, ukienda Moshi, daftari hilo ndo liwe la kwanza kuwekwa mezani, kabla hata hujaanza kueleza unaumwa nini.